Kinachopotea Kwenye Moshi: Kuni, Makuti ya Mtende na Kemikali za Mti katika Sharqiya na Dakhiliya

Pairolisisi ni kuuoka mti kwa joto kali mahali pasipopenya hewa. Mti unaopata hewa huungua, hutoa mwali na mwishowe hubaki jivu. Mti ulionyimwa hewa hauna njia ya kuungua, lakini joto haliuachi salama. Kuanzia nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi, minyororo mirefu inayoushikilia mti huanza kukatika, na vipande vidogo hupanda vikiwa mvuke. Kinachobaki chini ni mkaa. Mvuke ule ukipitishwa mahali pa baridi, sehemu yake hugeuka maji meusi yenye harufu kali, na sehemu nyingine hubaki gesi inayowaka. Kila gogo basi lina mazao matatu: mkaa, maji ya moshi na gesi. Mchoma mkaa, awe wa Ibra, Oman, au wa Handeni, Tanzania, huchukua la kwanza na kuuachia upepo mawili yaliyobaki. Katika hayo mawili ndimo zilimo siki, viungo vya gundi, dawa na manukato.

Nyumba nyingi za Nizwa na Sur zina chombo kinachoonyesha jambo hili karibu kila jioni. Kipande cha udi kikiwekwa juu ya kaa la chetezo hakiwaki. Kwanza hutoa jasho: uso wake hung'aa kwa mafuta yanayochemka kutoka ndani. Kisha moshi mwembamba hupanda, na huo ndio unaofukiziwa kanzu na shela. Mwenye ujuzi hulifunika kaa kwa jivu kidogo ili joto lisizidi, kwani kaa likiwa kali mno harufu nzuri hukatika na chumba hunuka kuni. Anachofanya mtu huyo kwa ncha za vidole vyake ndicho anachofanya mhandisi wa kiwanda cha pairolisisi kwa vipimo: kuchagua kiasi cha joto ili mti utoe kile kilichokusudiwa na si kingine.

Hata mwali wa kuni za kawaida umebebwa na pairolisisi. Njiti ya kiberiti ikitazamwa kwa karibu, mwali haugusani na mti. Kati yao pana pengo jembamba lisilo na mwanga. Kinachowaka ni mvuke uliotoka ndani ya njiti na kukutana na hewa. Kiwanda hukatiza safari hiyo katikati, kikauteka mvuke kabla oksijeni haijaufikia.

Sehemu ya kwanza ya kazi hii, yaani mkaa, imejulikana Oman kwa zaidi ya miaka 4,000. Huko Maysar, karibu na Samad ash-Shan katika Sharqiya Kaskazini, wanaakiolojia wa Makumbusho ya Madini ya Bochum, Ujerumani, wakiongozwa na Gerd Weisgerber, walifukua makazi ya wayeyusha shaba wa milenia ya 3 kabla ya Kristo. Yalipatikana mabaki ya tanuri, mavi ya shaba na mikate ya shaba iliyoganda kwenye vishimo. Ndiyo shaba ya nchi ambayo maandishi ya Mesopotamia huiita Magan. Kazi hiyo haifanyiki kwa kuni mbichi wala kavu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, na kuni hupoteza joto lake jingi kwa kukausha maji yake zenyewe. Mkaa hauna maji wala moshi, huwaka kwa joto kali lisiloyumba, na gesi yake ya kaboni monoksidi huinyang'anya madini oksijeni na kuiacha shaba tupu. Kila mkate wa shaba uliopelekwa baharini ulikuwa umemeza miti ya mabonde ya karibu, na moshi wa tanuu zilizochoma mkaa huo haukukusanywa na mtu.

Tabia hiyo ya kuthamini kaa na kupuuza moshi imedumu. Wapishi wa halua hupenda kuni za msamri, mgunga wa nyika za Oman, kwa sababu ni nzito, hutoa kaa la kudumu na hazitii harufu katika sufuria ya shaba inayokorogwa kwa saa mbili au zaidi. Sifa ya kuni nzuri ni kukosa moshi. Kwa jikoni hilo ni kweli kabisa, ila limewafanya watu wauone moshi kuwa uchafu tu.

Katrani ndiyo sehemu ya pili ya mti iliyowahi kuthaminiwa. Neno lenyewe ni la Kiarabu, limo katika Qurani kwenye Sura Ibrahim, na Kiswahili kimelichukua kama lilivyo. Katika milima ya kusini-magharibi mwa Arabia ilipatikana kwa kuoka vipande vya mreteni na miti mingine ndani ya chombo kilichozibwa, kioevu kikichuruzika chini. Walipakwa ngamia wenye upele, na viriba vya maji vilitibiwa kwayo. Kaskazini ya Ulaya katrani ilijenga utajiri: Uswidi na Ufini zilioka visiki vya misonobari katika mashimo makubwa ya mteremko na kuuza mapipa kwa majeshi ya majini ya dunia nzima, kwa sababu jahazi la mbao lisilopakwa huoza.

Sur haikuwa na msonobari. Bandari hiyo iliyounda majahazi ya kwenda Unguja, Lamu na Malabar ilipata msaji kutoka India na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Mbao ya juu ya maji ilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake bado wazee wa pwani zote mbili wanaikumbuka. Sehemu ya chini ya maji ilipakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu. Ghanja Fatah al-Khair, iliyoundwa Sur mwaka 1951 na ambayo sasa imehifadhiwa huko huko, ni ya utamaduni huo wa mafuta ya bahari. Nchi ambayo mbao zake ziliingia kwa jahazi, na gogo likawa na thamani ya dari ya nyumba, isingeweza kuoka miti kwa ajili ya maji meusi. Zamani zaidi, pwani hiyo ilitumia lami ya ardhini: Ras al-Jinz, mashariki ya Sur, umepatikana mrundo wa vipande vya lami vya milenia ya 3 kabla ya Kristo, upande mmoja vikiwa na alama za matete na kamba za chombo vilichopakwa, upande mwingine magamba ya wanyama wa baharini. Lami hiyo ilitoka Mesopotamia.

Ujuzi wa kuuteka mvuke, hata hivyo, upo Dakhiliya tena wa hali ya juu. Juu ya Jebel Akhdar, katika vijiji kama al-Ayn, ash-Shurayja na Sayq, mawaridi huchumwa alfajiri kati ya mwisho wa Machi na Mei. Jiko la kutoa marashi huitwa duhjan. Limejengwa kwa mawe na udongo, na juu yake lina matundu yanayokaliwa na vyungu. Petali hutiwa ndani ya chungu, na katikati yake huwekwa kibakuli kitupu cha shaba. Mdomo wa chungu huzibwa kwa bakuli jingine la shaba lenye kitako cha mviringo, lililojazwa maji baridi. Moto ukikolea, mvuke hupanda, hugonga kitako kile kibaridi, hugeuka matone, na matone hutelezea mpaka kwenye ncha yakadondoka katika kibakuli kilichongojea. Maji ya juu yakipata joto hubadilishwa. Baada ya saa nne hivi kibakuli hutolewa kikiwa na marashi yenye harufu ya moshi kwa mbali, na hiyo harufu ya moshi ndiyo wapenzi wa marashi ya mlima huipendea.

Watu wa Pemba wanaifahamu kazi hiyo kwa sura ya kiwandani. Wawi, nje ya Chake Chake, kipo kiwanda cha makonyo kinachopitisha mvuke wa maji katika vikonyo vya karafuu na kukamua mafuta yake. Familia nyingi za Ibra na Mudhayrib zilizoishi Unguja na Pemba zinajua harufu ya upepo wa upande ule.

Tofauti kati ya duhjan na pairolisisi ni moja tu, lakini ni kubwa. Marashi yalikuwamo ndani ya waridi kabla ya moto. Joto limeyanyanyua tu. Siki ya moshi haikuwamo ndani ya gogo. Joto limeitengeneza kwa kuvunja mwili wa mti.

Mwili huo una nyenzo tatu. Selulosi, nyuzi zinazoubeba mti, hufikia kama asilimia 40 hadi 45 ya uzito mkavu. Hemiselulosi, robo au zaidi kidogo, hujaza kati ya nyuzi. Lignini, kati ya asilimia 20 na 30, ndiyo gundi inayozishikanisha na kuufanya mti uwe mgumu. Kila moja hufa kwa joto lake. Hemiselulosi hutangulia, kati ya nyuzijoto 220 na 315, na humo ndimo hutoka asidi asetiki, yaani asidi ya siki, pamoja na furfurali, kiyeyushio kinachotumika katika viwanda vya mafuta na plastiki. Selulosi hufuata, kati ya 315 na 400, ikivunjika ghafla na kutoa levoglukosani, aina ya sukari iliyokauka ambayo yaweza kuwa malighafi ya dawa na plastiki. Lignini haina haraka. Huanza mapema na kuendelea kumomonyoka hata baada ya nyuzijoto 800, ikiacha mkaa mwingi na kutoa jamii ya fenoli.

Humu kwenye lignini mna jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Mafuta ya karafuu harufu yake ni eujenoli. Eujenoli ni fenoli, na umbo lake ni la ukoo mmoja na matofali yanayojenga lignini. Ndiyo maana mti ukiokwa, hasa wa jamii ya misonobari, maji yake ya moshi hupatikana na eujenoli, na guayakoli inayotoa harufu ya nyama ya moshi, na hata vanilini, roho ya vanila. Kila gogo limebeba ndani yake uwezo wa kunukia karafuu. Joto ndilo huamua kama uwezo huo utatoka ukiwa mzima au utaunguzwa.

Mwendo wa joto nao huamua mengi. Mti ukipashwa taratibu, kwa saa au siku, vipande vilivyokatika hupata muda wa kugongana na kuungana tena, na mkaa huwa mwingi: katika chombo kizuri cha chuma huweza kufika theluthi ya uzito mkavu, yaliyobaki yakigawana maji na gesi. Tanuu la udongo halifiki huko. Mara nyingi hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 tu, kwani hewa hupenya na sehemu ya mzigo huungua. Kwa pairolisisi ya haraka mambo hugeuka. Mti husagwa uwe punje za milimita chache, hukaushwa, kisha hutupwa ndani ya mchanga wa moto unaovurugwa kwa gesi ukacheza kama uji unaotokota. Kwa nyuzijoto 500 hivi punje huvunjika papo hapo, na mvuke hutolewa na kupoozwa kabla ya sekunde mbili kupita. Mbao nzuri hutoa hivyo kimiminika hadi asilimia 75 ya uzito wake, na mkaa hushuka hadi karibu asilimia 12.

Dunia iliwahi kuishi kwa kemikali za mti, ikaziacha, na sasa inazirudia. Methanoli iliitwa roho ya mti kwa sababu haikuwa na chanzo kingine. Robert Boyle aliitenga mwaka 1661 kwa kuoka mti. Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, viwanda vya Ulaya na Marekani viliuza methanoli, asidi asetiki na asetoni kutoka tanuri za kuni. Mavuno hayakuwa makubwa: methanoli kama asilimia 1 hadi 2 ya kuni kavu, asidi asetiki karibu asilimia 5. Henry Ford aliendesha kiwanda cha aina hiyo Iron Mountain, Michigan, katika miaka ya 1920, kwa mabaki ya mbao za magari yake, na mkaa uliobaki akaugandisha kuwa vitofali vya kuchomea nyama. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kutengeneza methanoli kwa gesi na shinikizo kubwa huko Leuna, na bei ya roho ya mti ikaporomoka. Leo Oman yenyewe hutengeneza methanoli kwa gesi asilia Sohar na Salalah.

Kurudi kulianzia Canada katika miaka ya 1980, ambako watafiti wa vyuo vikuu vya Waterloo na Western Ontario waliifanya pairolisisi ya haraka kuwa kazi ya kiwandani. Biashara yake ya kwanza ya uhakika ilikuwa ladha ya moshi kwa vyakula, huko Wisconsin. Joensuu, Ufini, kilifunguliwa mwaka 2013 kiwanda cha kutoa tani 50,000 za mafuta ya mti kwa mwaka, kikiwa kimeunganishwa na mtambo wa umeme. Hengelo, Uholanzi, kingine kilianza mwaka 2015, na mafuta yake yakachomwa badala ya gesi katika kiwanda cha maziwa cha Borculo. Gävle, Uswidi, mwaka 2021 unga wa msumeno ulianza kugeuzwa mafuta ya kuchanganywa na mafuta ghafi katika mtambo wa kusafishia wa Lysekil. Nchi zote hizo zina misitu na viwanda vya mbao ambavyo tayari vimelundika unga na maganda mahali pamoja. Jambo hilo ni kubwa kuliko mashine zenyewe.

Mafuta hayo si dizeli, na anayesema ni dizeli anamdanganya mnunuzi. Robo ya uzito wake, au karibu, ni maji. Uchachu wake ni wa kipimo cha pH 2 hadi 3, sawa na siki, hivyo hula chuma cha kawaida na kudai mapipa ya chuma kisichoshika kutu au plastiki. Ni mazito kuliko maji, lita moja ikiwa na kilo 1.2, na joto lake kwa kilo halifiki nusu ya lile la dizeli. Yakiwekwa miezi mingi huzidi kuwa mazito, maana viungo vyake havijatulia na huendelea kushikana. Ndani yake mna mamia ya kemikali, nyingi zikiwa chini ya asilimia moja, na kuzitenganisha moja moja hugharimu kuliko bei yake. Wenye busara hawazitenganishi zote. Huupooza mvuke kwa hatua, chombo cha kwanza kikiwa na joto la kadiri, cha pili baridi. Katika cha kwanza hukaa kitu kizito cha lignini kinachoweza kuchukua sehemu ya fenoli katika gundi ya mbao za plaiwudi. Katika cha pili hukaa maji machachu yenye asidi asetiki. Kugawa mara mbili hivi tu tayari hubadili hesabu ya kiwanda.

Katika Sharqiya na Dakhiliya swali la kwanza ni mti gani. Jibu lisilofaa ni mghafu na msamri. Ukanda wa mighafu pembezoni mwa Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado huuita Wahiba, huishi kwa mizizi inayozama mbali na kwa ukungu wa alfajiri unaotoka baharini. Ndiyo kivuli, malisho na kizuizi cha mchanga, na mti mmoja uliokatwa haurudi katika umri wa aliyeukata. Mireteni ya Jebel Akhdar, inayokaa juu ya mita 2,000, hukua polepole zaidi. Sheria ya Oman inalinda miti hiyo, na hakuna kemikali inayotosha kuwa sababu ya kuilegeza.

Upo mti mwingine ambao hakuna atakayeulilia. Wakenya wanauita mathenge. Oman huitwa ghuwayf bahri. Asili yake ni Amerika, na uliletwa kwa kivuli na kuzuia mchanga, kisha ukatoroka. Huziba mikondo ya wadi, hunywa maji ya chini, hufukuza miti ya kienyeji na kuumiza mifugo. Huko Baringo, Kenya, wafugaji Wailchamus walifika hadi kumpeleka mahakamani, awe ushahidi, mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda yake. Mbao yake ni nzito na mkaa wake mzuri. Ila kuukata tu huufanya uchipue mara tatu. Shina lazima ling'olewe chini ya shingo ya mzizi, na maganda yenye mbegu yasisafirishwe pamoja na magogo, la sivyo lori la kuni litakuwa limeupanda njia nzima. Malighafi hii, kazi ikienda vizuri, itakwisha. Mtambo unaoutegemea mathenge peke yake utakuja kutamani usiishe.

Mzigo usiokwisha ni wa mtende. Oman ina mitende zaidi ya milioni 7, na mwaka 2009 ilitolewa amri ya Sultan Qaboos ya kupanda milioni moja zaidi. Kila mwaka mtende mmoja hukausha makuti kati ya 10 na 20, na juu yake yapo makole yaliyovuliwa tende, makarara, nyuzi na vishina vya makuti. Ikichukuliwa kilo 20 kavu tu kwa mtende, nchi nzima hulundika tani 140,000 kwa mwaka. Sehemu hutumika kwa uzio, vibanda na kuni; nyingine huchomwa pembeni ya shamba. Huchomwa pia mitende iliyougua. Fukusi mwekundu wa mitende, mdudu anayetoboa shina mpaka mtende ukaanguka ukiwa bado na majani ya kijani, yuko Oman tangu miaka ya 1990, na shina lenye viluwiluwi vyake lazima liteketezwe. Chombo cha nyuzijoto 500 huliteketeza kwa hakika kuliko moto wa shambani.

Makuti, hata hivyo, si mbao za Ufini. Jivu la msonobari halifiki asilimia 1. La makuti hupita hapo mara kadhaa. Mtende hunywa maji ya chumvichumvi na kuihifadhi potasiamu na klorini katika majani, na vijani vyake vina chembe za silika zinazokula visu vya mashine ya kusagia. Potasiamu ndiyo shida kubwa. Ndani ya tanuri huharakisha mvunjiko na kuupeleka kwenye mkaa, maji na gesi, levoglukosani ikapotea na mafuta yakapungua. Kuosha makuti huondoa sehemu kubwa ya chumvi hiyo, lakini Nizwa na Ibra maji ni hisa za falaji, mfereji wa jadi wa umwagiliaji, zinazopimwa kwa saa, na mwenye akili hatampa mtambo zamu ya mtende.

Kutokana na hayo, mfano wa Joensuu haufai kuhamishwa kama ulivyo. Kwa makuti inafaa pairolisisi ya polepole, mkaa ukiwa zao kuu na maji ya moshi zao la pili, katika vyombo vidogo vinavyokaa karibu na mashamba. Makuti ni mepesi na mapana; lori lililojaa makuti limejaa hewa. Yakikatwakatwa na kuokwa palepale, kinachosafirishwa ni magunia ya mkaa na madumu, theluthi moja au mbili ya uzito na sehemu ndogo ya ujazo.

Mkaa wa makuti haulingani na wa msamri kwa kuchomea nyama, kwa sababu ni mwepesi na jivu lake ni jingi. Thamani yake iko kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wamekwisha kutengeneza kutoka vijani vya mtende kaboni inayofyonza rangi na metali ndani ya maji machafu, kwa kuitibu kwa kemikali ifunguke vitundu visivyohesabika. Mkaa wa kawaida uliosagwa huweza kutiwa shambani kushikilia maji katika mchanga. Hapa inahitajika hadhari: udongo wa Oman una chokaa nyingi na tayari uko upande wa alkali, na mkaa wenye jivu jingi huuzidisha huko. Kuuloweka kwanza katika maji machachu ya moshi, au kuuchanganya na samadi, hupunguza ukali huo. Maji ya moshi yenyewe, yakiisha kutulia na katrani yake kutengwa, hutumiwa na wakulima wa Asia Mashariki baada ya kuyazimua sana, kwa kufukuza wadudu na kusaidia mizizi. Yakiwa mabichi yana fenoli na sumu nyingine zinazochoma ngozi na kuua miche.

Fenoli hiyo hiyo ndiyo inayoamua mahali pa kuweka mtambo. Mchana wa Julai wa Ibra hewa hupita nyuzijoto 40, na njia rahisi ya kupooza mvuke ingekuwa kulaza bomba ndani ya mfereji wa falaji, maji yapite na kuendelea shambani. Bomba likitoboka mara moja tu, kiasi kidogo kabisa cha fenoli hutosha kuyatia maji ya kijiji kizima ladha isiyovumilika. Maji ya kupoozea yazunguke katika tangi lake, mbali na mfereji. Kaboni monoksidi nayo haina harufu, na mtu hafungui chombo cha moto akiwa peke yake.

Ushindani mkubwa uko Sur. Kusini tu ya Qalhat, gesi kutoka jangwani hugeuzwa kimiminika na kupakiwa melini tangu mwaka 2000, na jirani yake kiwanda cha mbolea, kilichoanza mwaka 2005, kilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 1.65 za urea kwa mwaka. Mbele ya mitambo ya ukubwa huo, methanoli ya mti haina soko. Zao la mti lenye nafasi ni lile ambalo gesi hailitoi kwa urahisi: kaboni yenye vitundu, ladha na harufu za moshi, fenoli zenye umbo la guayakoli, na kaboni inayokaa ardhini badala ya kurudi hewani.

Msimu wa kuanzia upo, nao ni wa tabsili, yaani kupika tende. Kuanzia mwisho wa Juni, Bidiya, al-Qabil na Ibra huvuna tende za mabsili zikiwa bado za njano. Hupikwa ndani ya tarkaba, jiko refu lililojengwa kwa ajili hiyo, katika masufuria makubwa ya shaba, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka zikawa ngumu na za kahawia, tayari kwa soko la India. Kuni zake ni vigogo na makuti ya mtende, na kwa wiki kadhaa moshi mzito hulala juu ya mashamba. Chombo cha chuma kilichozibwa, kikipachikwa ndani ya tarkaba, huokwa na moto huo huo. Gesi yake hurudishwa chini na kuchukua nafasi ya sehemu ya kuni. Mvuke hupitia bomba hadi kwenye tangi. Mkaa hutolewa kesho yake ukiisha kupoa. Tabsili ikimalizika mwezi wa Agosti, chombo huendelea na makuti yanayokatwa baada ya mavuno, na moto wake wa kuanzia hutoka kwenye gesi ya mzigo uliotangulia.